Mfasiri wa Ukumbi wa Bevan

Ilikuwa baridi, mwaka wa pili wa vita,
na mvua ya Wales ikinyesha kama mtu asiye na haraka.
Waliteremka kutoka machimbo ya mawe ya kuezekea,
vumbi la kijivu kwenye nyusi,
wakalipa peni zao, wakabanana kwenye mabenchi ya Bevan
kutazama picha zinazotembea.

Picha haikuwa na sauti. Ilikuwa na maandishi,
na maandishi yalikuwa ya Kiingereza,
na nusu ya ukumbi ilijua Kiingereza cha kuamriwa tu:
beba, shusha, nyamaza.
Ndipo nikawekwa mimi kando ya pazia,
Idwal mwana wa mshona viatu, miaka kumi na saba,
mguu mmoja mfupi, sauti ndefu,
niyasome na kuyageuza kwa lugha yetu.
Tegwen alipiga piano. Mimi nilipiga domo.

Maandishi yalisema: Nafasi yako i wazi.
Mimi nikasema: Jirani, kiti chako ki wazi,
moto umekokwa, wenzako wameshaketi,
wanaulizana mbona huonekani.
Kiti hakikuwamo katika picha. Wala moto.
Vyote nilivitoa jikoni kwa mama.

Kisha wakapita wanajeshi,
safu baada ya safu, wakitokea kushoto mwa ghala,
wakiishia kulia,
tena kushoto, tena kulia,
nami nikapaza: Maelfu! Hamwaoni? Maelfu!
Lakini hakuna aliyekaa karibu na pazia kama mimi,
na nilimwona mmoja mwenye bendeji kwenye kidole gumba.
Alipita.
Akapita tena.
Mara ya tatu alikuwa anacheka kidogo,
kama mtoto aliyeizunguka nyumba mbio
awashtue wenzake kwa mlango wa nyuma.
Hawakuwa maelfu. Walikuwa ishirini na wanne;
niliwahesabu usiku wa pili.
Usiku wa tatu nikasema maelfu.

Taa zilipowashwa sajini alikuwa mlangoni
na meza, na wino, na sigara za bure.
Gethin wa Hannah mwoka mikate alitia sahihi wa kwanza,
kisha Ifor, kisha wale ndugu wawili wa kina Pritchard
ambao hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote.
Gethin alinigonga bega, akasema,
"Umetuambia vizuri, Idwal. Ungekuja nasi, ila mguu."

Ila mguu.

Wahenga husema mdomo huponza kichwa.
Kichwa changu hiki hapa, kina mvi,
kinavaa kofia kila Jumapili.
Mdomo wangu uliponza vya wengine.

Vita vilipokwisha, Bevan aliikuta picha ile
ndani ya kopo lenye kutu, nyuma ya makaa,
akaionyesha bure, watu wakumbuke.
Tegwen hakupiga. Alisema vidole vinamuuma.
Basi ikabaki mashine peke yake,
kama cherehani inayoshona nguo isiyo na mwisho.
Hannah alikaa benchi la mbele, unga ungali kwenye viwiko.
Wakapita. Wakapita. Wakapita.
Akaniinamia: "Yule mwenye kidole."
Namjua, nikasema.
"Amerudi mara tatu." Hakusema kwa hasira;
alisema kama anayehesabu mikate kabla ya kufunga duka.
"Wangu hata moja."

Hapo utepe ukakatika.
Pazia likawa jeupe, jeupe tupu, lenye unywele mmoja
ukichezacheza pembeni mwa mwanga.
Watu wakatafuta makoti yao. Hannah hakuinuka.
Aliukazia macho weupe ule muda mrefu,
kisha akanigeukia, mimi mwenye kazi yangu:
"Na hapa, Idwal, pameandikwaje?"