Kielelezo Namba Tatu

Mheshimiwa akisema andika, naandika.
Mleta maombi: Ndahani Masinjisa, mfanyabiashara,
kibanda chake Barabara ya Sita kimefungwa kwa kufuli la Jiji
tangu sheria ndogo ilipobandikwa sokoni Majengo,
karatasi moja, gundi, muhuri,
na upepo ukaanza kuibandua siku ile ile.

Wakili wake kijana, tai imemkaba:
"Mheshimiwa, sheria mama inataja moshi.
Pafukapo moshi pana moto, tumefundishwa hivyo tangu utoto.
Moto wa mteja wangu uko wapi?
Huu ni mvuke. Hata sufuria ya maharage hutoa mvuke,
je, Jiji litafunga majiko?"
Watu wakacheka. Nikaandika: (kicheko).
Kisha nikafuta.

Wakili wa Jiji hakucheka. Alinyanyuka na pingamizi la awali:
notisi ilitakiwa siku tisini, zimehesabiwa themanini na nane.
Wakazigombea siku mbili hizo hadi saa sita na nusu,
kama ndugu wanaovutana mpaka wa shamba
huku kwelea wamo ndani wanakula mtama.
"Nitaamua yote kwa pamoja," akasema Mheshimiwa, akafuta miwani.

Ndipo kikaja kielelezo namba tatu,
kidude cha zambarau, urefu wa kidole,
kikapita mkononi mwangu kupewa namba.
"Ladha ya zabibu," shahidi akasoma ubavuni.

Mimi mtoto wa Mpunguzi.
Baba alikuwa na ekari moja na nusu ya mizabibu,
Agosti hatukuwa na vidole visivyo na madoa.
Zabibu naijua ikiwa mbichi, ikiwa imechacha,
ikiwa imeozea kwenye kreti mnunuzi asipotokea.
Hii siyo.
Hii ni ile iliyonipanda puani Jumamosi, karoni,
kutoka mfukoni mwa suruali ya shule ya Nyemo.
Nilidhani peremende.

Lakini karani hali kiapo.
Karani haulizwi.
Nikaandika: kimepokelewa bila kupingwa.

Uamuzi ulikuwa mistari minne.
Maombi yameondolewa, yanaweza kuletwa upya,
kila upande ubebe gharama zake.
Nje, Ndahani akauliza, "Sasa hapo nimeshinda au nimeshindwa?"
Wakili wake alikuwa anatafuta namba kwenye simu.

Jioni, Nkuhungu, umeme umekatika.
Nyemo yuko dirishani, amenipa mgongo.
Kitu cheupe kinamtoka kinywani,
kinakutana na vumbi la barabarani,
hakipati hata nafasi ya kuwa wingu.

Moshi. Mvuke.
Leo nimeyapiga chapa maneno hayo mara arobaini na moja.
Nimesimama mlangoni na ndoo ya maji,
sijui nianze na lipi.