Hesabu ya Visigino

Wakubwa kule Delhi hulihesabu jeshi kwa vichwa.
Mimi, Kanpur, jengo la tatu, cherehani ya kumi na moja,
nalihesabu kwa visigino.

Watu kumi ni seksheni. Seksheni tatu, platuni.
Platuni tatu, kombania, na kombania zikikusanyika
ni batalioni: mia nane na ushee,
viatu vyao lori moja na nusu.
Ile nusu humkera dereva Bansidhar,
huijazia mikanda na makopo ya rangi.
Halafu brigedi, divisheni, kori.
Huko juu karatasi hazina miguu tena,
zina mihuri.

Lakini saizi nazijua.
Wa milimani wataka saba, soli nene, nafasi ya soksi mbili.
Wa Punjab kumi, na wengine kumi na moja.
Makarani soli nyembamba,
mawe hayawajui.
Na mwaka ule wa baridi, kule juu barafuni,
ilikuja oda ya viatu mia na sita,
vyote vya kushoto.
Hakuna aliyeuliza. Tukashona.

Husemwa avaaye kiatu ndiye ajuaye kinapobana.
Mimi nikishonaye
najua kitakapobana.

Mpwa wangu Lalmani hukimbia alfajiri barabara ya Jajmau,
katikati ya harufu ya ngozi mbichi,
kwa buti alizonunua mtumba nyuma ya stesheni.
Ndani ya ulimi pana namba ya mtu, imekwanguliwa kwa msumari.
Nilizigeuza. Mshono ni wangu.

Uwanjani walifika vijana elfu ishirini.
Nafasi mia mbili.
Maili moja aliimaliza wa tisa katika kundi lake,
akatapika, akacheka.
Kisha tepu: kifua, ukivuta pumzi, kitanuke sentimita tano.
Chake nne.
Sentimita moja!
Ndiyo ninayoiacha ukingoni mwa ngozi kwa ajili ya mshono,
kisha naikata, naifagia.

Sasa hupuliza mipira ya baiskeli kwa mdomo
hadi mishipa ya shingo imsimame.
Oktoba atarudi tena.
Mama yake ameshaweka nadhiri ya mbuzi.

Kila jioni hunipa tepu nimpime.
Hufumba macho, hujaza kifua,
nami huizungusha mgongoni, naikaza,
naikaza kidogo kupita haki.

Nne, namwambia.
Bado nne.