Uso Chini ya Sabuni

Kazi yangu ni kufuta.
Wengine huchora, wengine huchapa, wengine husifiwa;
mimi, Basile, nasaga jiwe juu ya jiwe,
mchanga na maji kati yake,
mpaka picha ya jana iwe tope la kijivu
linalotambaa mferejini, likiutafuta mto Seine.

Mawe yetu hutoka Bavaria, mazito kama deni.
Ukiyachora kwa chaki ya mafuta hayasahau:
wino hufuata mafuta, maji hulinda palipo peupe,
na karatasi elfu moja hutoka na uso mmoja.

Jumanne usiku alikuja Bwana Ferréol,
koti likinuka absinthi na moshi wa gesi,
mifukoni vipande vya karatasi vyenye madoa ya mvinyo:
hapa goti, hapa kisogo cha mtu mnene,
hapa glavu nyeusi isiyo na mwenyewe.
Alichora wima, kofia kichwani.
Kulipokucha Zélie alikuwa jiweni,
kushoto kwake kulia, kama walivyo watu wa kiooni.

Si Zélie wa mabango mengine, meno thelathini na mawili nje.
Huyu ameketi baada ya dansi,
kiatu kimoja mkononi,
taa za jukwaa zimempiga kutoka chini
hata kidevu kimekuwa kijani kama tunda bichi,
na nyuma yake wanaume wa kofia ndefu
wanatazama saa zao.

Mwenye ukumbi alifoka:
nani atatoa faranga mbili kumwona mwanamke aliyechoka?
Wakatoa.
Wakajazana hadi ngazini, wakapasua kioo cha mlango,
na Montmartre nzima, ukuta kwa ukuta,
ikamvaa Zélie.

Miaka miwili.

Alikuja Februari, mvua ikimchuruzika mabegani.
Sasa anafua nguo za watu kule Batignolles;
goti lilikataa, na ukumbi haulishi goti lililokataa.
Alikuwa amejitafuta mitaani, akasema,
akakuta juu yake biskuti, juu ya biskuti baiskeli,
juu ya baiskeli mdomo wa mchekeshaji.
Mahali pamoja alibandua kwa kucha, polepole,
akapata sikio na nusu ya jina lake.
Alilitoa kifuani, limelowa.

"Nasikia jiwe halisahau. Nionyeshe."

Mwenzenu nilitamani ardhi inimeze.
Jiwe lake lilikuwa hapo, chini ya viganja vyangu,
nimeshalisaga mizunguko minane, bado minne,
na kesho lichorwe sabuni ya Bwana Quillard.

Nikalimwagia maji.
Jiwe likilowa, kilichofutwa hupanda kidogo,
kama mtu anayekuja juu kuvuta pumzi.
Tuliinama, vichwa vikakaribia kugongana.
Jicho. Ukanda wa kiatu.
Kivuli cha kidevu, bila ukijani wowote.

"Watu walisema nimechoka," akasema.
"Mhudumu wa gereji ya farasi alinipa shilingi, eti pole.
Sikuwa nimechoka, Basile.
Kulikuwa na msumari kiatuni. Nilikuwa nautafuta."
Akacheka mpaka akakohoa,
akaliacha lile sikio juu ya meza yangu
akatoka, kwa sababu maji ya moto hayamngoji mtu.

Mizunguko ile minne sikuimaliza.
Nilimwambia msimamizi mkono uliniuma.
Mabango mia sita ya sabuni yakachapwa:
beseni, mtoto mnene, povu jeupe,
na ndani ya povu, ukijua pa kutazama,
weusi mwepesi wa jicho linalotazama kiatu.

Bwana Quillard akaja na bango limekunjamana ngumini.
Doa! Doa kwenye sabuni!
Nikakatwa ujira wa siku tatu.

Wafuaji wa Batignolles, nasikia, waliinunua.