Kadi ya Msomaji wa Nje

Kati ya arobaini na nne na arobaini na tano
hesabu ya darasani haioni kitu.
Githurai inaona: barabara kuu na mngurumo wake,
daraja la miguu lenye wauza soksi,
na mpaka wa kaunti, ambao sijui nani amewahi kuuona
ila mimi, karani,
kwa kuwa umelala hapa mezani pangu
chini ya kioo, umepigwa chapa:
*Wakazi wa jiji, bure.*
*Wakazi wa nje, shilingi mia sita kwa mwaka.*

Sikuandika mimi. Mimi hukipangusa kioo tu.

Mwaka ule bajeti ilirudi kwetu imekonda
kama mgonjwa aliyeruhusiwa mapema.
Tukapoteza gazeti moja, kisha la pili,
kisha fundi wa paa, kisha Jumamosi.
Jumamosi nzima, nasema.
Watoto walikuta kufuli na tangazo,
wakalisoma lile tangazo kwa sauti, kwa zamu,
maana ndilo lililokuwa limebaki la kusomwa.

Mama Kasyoka alikuja na mjukuu wake,
akasikia bei, akaniangalia kama muuza mizani mbovu:
"Nyanya zangu zikivuka hapo
mbona hamziulizi zimelala wapi?"
Nilikuwa nazo nyumbani, kilo mbili. Sikujibu.

Sasa Musembi.
Soja wetu wa usiku, miaka arobaini na mbili,
mtahiniwa binafsi wa kidato cha nne,
chumba chake cha mabati kiko kule, arobaini na tano.
Saa kumi na mbili jioni namkabidhi jengo,
saa kumi na mbili asubuhi ananirudishia,
na kwa mujibu wa kioo changu
akishavua koti la kampuni ni mgeni.

Siku moja nikakuta Biolojia imerudishwa rafuni
kichwa chini, na ganda la njugu
kwenye ukurasa wa figo.
Nikanyamaza.
Jioni yake nikaacha Kemia mezani, kama niliyesahau.
Nikawa msahaulifu hivyo kwa miezi mitatu.

Halafu akaja mchana.
Sikumtambua bila koti, kidevu kimenyolewa,
amepanga foleni nyuma ya kitoto cha darasa la pili.
Akamimina sarafu kutoka kwenye soksi:
mia sita, nyingine bado zina joto.
"Nataka kadi."
Nikainama: "Kaka, si funguo unazo?"
Akasema, wala hakunong'ona:
"Funguo ni za kampuni.
Siwezi kuwa mwizi wa mlango ninaoulinda."

Fomu ina vijisanduku viwili.
Kalamu yangu ikaelea juu ya kile cha kwanza,
uongo mdogo, alama moja tu ya vema,
na nani angevuka daraja kuja kuuliza?
Akaweka kidole kwenye cha pili.
"Hapo. Andika ukweli,
ili siku wakituhesabu waone tulikuwepo."

Nikaandika. Nikakata risiti.
Pesa zikaenda kwenye akaunti nisiyoijua sura,
na paa likabaki na njaa yake.

Usiku huo ilinyesha kama iliyotumwa.
Nilikuja mapema, viatu mkononi,
nikitarajia uji wa karatasi.
Musembi ameshaondoka. Kadi yake mpya
imealamisha Fizikia, sura ya mwanga,
na daftari la ulinzi liko wazi,
mwandiko wa mtu anayejiandaa kwa mtihani:

*Saa tisa usiku. Mvua kubwa.*
*Paa limevuja upande wa Historia.*
*Nimehamisha vitabu vyote. Nimeweka ndoo, mbili.*
*Saa kumi na moja. Shwari.*
*Hakuna mtu wa nje aliyeingia.*