Sista wa Nani

Kila Jumatatu saa kumi,
joto likiwa bado limekaa barazani
kama mgeni asiyejua kuaga,
Sista Asteria hupanda ngazi zetu za Ruwi
na viatu vyake vya turubai,
mfuko wa duka la dawa mkononi.

"Nani huyo?" mama huuliza.
"Sista."
"Sista wa nani?"
"Wako, mama."
Na mama, aliyekwisha kukisahau Kiarabu chote
kama mtu aliyevua koti la kuazima,
hunyoosha mkono: "Biubwa! Mbona umechelewa?"

Biubwa ni dada yake. Aliachwa Wete
mwaka ambao kwetu hautajwi.

Wanangu Kiswahili chao ni "njoo" na "mandazi".
Mimi nashinda benki.
Siku sita bibi yao huzungumza na ukuta.
Ya saba hujibiwa: bei ya karafuu,
nani kaolewa, nani kakonda,
na kidevu chake hupanguswa uji
kwa kitambaa cheupe kilichotiwa viraka.

Siku moja nilimfuata jikoni.
"Sista, huo si uongo?"
Akasuuza kikombe, akakiinamisha.
"Nilizaliwa Nakunda. Siku ya nadhiri
wakaniita Asteria. Jina la tatu
halitanivunja mgongo."

Ndipo akaniambia shirika lao lilivyoanza:
Upare, mwaka wa ndui,
msichana aliyekataa posa
alikaa njia panda na mtungi na kitambaa,
akawapangusa nyuso waliokimbiwa na ndugu zao.
Wa pili kujiunga alikuwa mjane.
Wa tatu, mwizi wa mbuzi aliyetubu,
"ingawa si mara moja."
Askofu alikuja baadaye, na karatasi.
Hadi leo kila sista hupewa kitambaa kimoja;
kikitoboka, anakishona mwenyewe.
Na kanuni: usimuulize mgonjwa anaelekea wapi akisali.
Muulize kama amekula.

Hapa Maskati kengele yao haivuki ukuta.
Lakini wodini wanajulikana:
kwa fundi aliyeanguka kutoka ghorofa ya tano,
kwa binti wa kazi aliyetoroka bila pasipoti,
kwa yule aliyekufa bila mtu,
ambaye wanachangisha nauli
ili jeneza lirudi kwao.

Mama alikata roho Jumapili,
siku moja kabla ya zamu.
Waliomwosha ni wenye haki ya kumwosha.
Sista alifika hadi kizingitini, akaishia hapo.

Nilipotoka, macho yakiniwasha,
nilimkuta amechuchumaa kwenye viatu vya waombolezaji,
rundo zima, anavipanga,
kila kimoja na pacha wake,
anavifuta vumbi kwa kitambaa kile.
Kiatu kimoja cha mtoto kilikosa mwenzake.

Mke wa mjomba, aliyetoka Nizwa, akanivuta kando.
"Yule ni nani wenu?"

"Mama mdogo," nikasema.

Sista hakuinua kichwa.
Alikuwa bado anakitafuta kiatu.