Sauti ya Kuazima

Julai ya Jomvu Kuu haina barafu, ina umande
unaopenya sweta ya mtumba mpaka mbavuni,
na kusi linalopanda hori likinuka tope.
Wageni hucheka tukisema baridi.
Waje wachutame mikokoni saa tisa za usiku,
suruali imelowa hadi magotini,
ndipo tuongee.

Mwana-mbuzi wa tatu alikwenda Alhamisi.
Zilibaki kwato moja na kamba niliyomfungia,
kamba nzima, fundo langu halijaguswa.
Mwanaesha hakusema neno. Alikamua
maziwa yaliyokosa wa kuyanyonya,
tukayanywa na chai,
nami nikahesabu kila funda.

Nikavuka upande wa Rabai kumtafuta Nzaro Chivatsi.
Hakuuliza nitamlipa nini. Aliuliza:
"Maji yanakupwa saa ngapi?"

Siku mbili tulipita ukingoni bila silaha,
yeye mbele, mimi nyuma, kati yetu mbwa wake Risiti
(alimnunua Mariakani, akadai risiti,
muuzaji akacheka, jina likabaki).
Akanisomesha tope:
huu wa kenge, mkia umefuta alichoandika;
huu wa mbwa, vidole vimetanuka, mwenye kwao;
na huu, akachuchumaa, mwembamba,
unyayo juu ya unyayo kama mshono wa kofia,
kucha mbili za mbele zimesogeleana
kama watu wanaonong'onezana.
"Bweha. Na ana haraka ya mwenye watoto."
Akavunja kinyesi kwa kijiti:
magamba ya kaa, magamba ya kaa, kokwa za kunazi,
na nywele chache, nyeupe.
"Anakula kaa zaidi kuliko mbuzi," akasema.
Mimi nilikuwa naziangalia zile nywele.

Usiku wa tatu tukaketi demani, upepo usoni,
mimi na rungu na tochi ya betri tatu.
Nzaro akachana ukuti, akaubana
baina ya vidole gumba, akapuliza.

Lahaula.
Katika vidole vile vyenye sugu
akatoka mwana-mbuzi mzima,
anaita, anakatika, anaita tena.
Risiti akalaza masikio.
Ng'ambo, taa moja ya Miritini ikapepesa ikazima.

Kimya. Akapuliza mara ya pili.

Ndipo matawi yakavunjika, nyuma yetu, si mbele,
miguu mizito isiyo na hadhari
ikija moja kwa moja.
Nikainua rungu. Nikawasha tochi.
Mbuzi.
Mbuzi wangu, mama mtu,
kipande cha kamba kinaning'inia shingoni,
tope hadi kifuani, chuchu zinadondoka.
Akampita Risiti kama kisiki,
akamwendea Nzaro, akanusa vidole vyake,
akanusa ule ukuti,
akangoja.

Nzaro akautia ukuti mfukoni
kama mtu aliyeshikwa na pesa za harambee.
Hakuna aliyesema tuendelee.
Maji yalikwisha anza kujaa.
Tulimrudisha, mmoja anavuta, mmoja anasukuma,
na kila hatua mbili aligeuka
kuitazama mikoko.

Kulipokucha nikarudi kufuata rungu nililolisahau.
Pale juu, maji yasipofika,
niliukuta ule mshono.
Umetuzunguka mara mbili. Tulidhani demani ni yetu;
yeye alikuwa na demani yake.
Umesimama hatua sita mgongoni kwangu,
kucha zimezama, alikaa sana,
kisha ukashuka kwa kaa
hadi maji yalipoufuta.

Zizi nimeliinua kwa mabati. Nzaro
hajaja kuchukua chochote, nikimtumia salamu
huitikia salamu tu.
Na usiku, kusi likipita penye tundu la msumari,
bati hulia, kasauti kembamba,
na mbuzi huacha kucheua.