Mkono wa Kulia

Jumamosi, taa za barabara hazijazimwa bado,
nipo Łódź, kwenye uwanja nyuma ya kiwanda cha nguo kilichokufa,
tochi mkononi, natafuta kiti.

Si kiti chochote.
Miguu minne iliyotanuka kama ya ndama anayejifunza kusimama,
mgongo umelala nyuma kidogo,
kama mtu anayesikiliza uongo kwa adabu,
kitambaa cha rangi ya haradali, mikono ya mbao tupu.
Walivitengeneza kwa maelfu,
na kwa maelfu tukavitupa.

Mama, nakumbuka mlivyokitupa chetu.
Duka jipya lilikuwa limefunguliwa barabara kuu,
makabati meupe yalikuja bapa ndani ya maboksi,
na kifunguo kilichopinda cha kukazia skrubu.
Kipya kinyemi.
Kidonda tulikuja kukiona baadaye,
droo zilipoanza kuvimba kwa mvuke wa kabichi.

Ngazi zilikuwa zimezibwa na jokofu la Bibi Kunegunda,
basi mkakipitisha dirishani, ghorofa ya tatu,
wewe na mjomba Gniewomir, moja, mbili,
nami chini uani nazuia watu wasipite,
mtoto wa miaka tisa, kofia ya sufi hadi machoni,
nikaona kiti kikiruka.
Kwa kitambo kidogo kilitulia hewani
kana kwamba kuna mtu amekikalia.

Mguu mmoja uliishia mlangoni pa stoo ya makaa.

Kwenye mkono wa kulia palikuwa na meno yangu.
Nilipokuwa naota meno niliutafuna,
na ladha ya vanishi ile naijua hata leo:
chungu, halafu tamu, kama dawa ya kikohozi.

Sasa nina nyumba isiyopitika bila kuomba samahani.
Taa tatu za kioo cha rangi ya asali, inawaka moja.
Chombo cha maua, kizito kama jiwe la kusagia,
ndani yake mapovu yaliyonaswa kabla sijazaliwa.
Ndege wa kauri asiye na macho:
mchoraji alimsahau, au alimhurumia.
Saa ya ukutani yenye miale, imegoma saa nne kasorobo.
Mke wangu Dobrochna anapaita makao ya yatima.
Akipenda chongo huita kengeza, namwambia.
"Chongo moja ni mapenzi," anajibu.
"Chongo arobaini ni hospitali."

Leo kiti kipo kwa Wawrzyniec,
yule wa soksi ndani ya kandambili, theluji au jua.
Anajua ninachotafuta. Hilo ndilo kosa langu.
"Zloti mia tisa."
"Miaka thelathini iliyopita mlikuwa mnavichoma!"
"Ndiyo maana," anasema, anapuliza chai yake,
"ni mia tisa."

Nakipindua. Mhuri wa kiwanda, namba kwa penseli,
tiketi ya tramu imekwama kwenye springi.
Napapasa mkono wa kulia, polepole,
kama mtu anayetafuta swichi katika nyumba aliyohama.
Laini.
Laini kote.
Nilikuwa nimeshaanza kukirudisha chini
kidole kiliposita, mkono wa kushoto:
vishimo vinne, viwili juu, viwili chini,
kila kimoja kidogo kuliko punje ya dengu.

Si yangu.
Ni ya mtoto mwingine, ghorofa nyingine,
aliyeanzia upande wa pili.
Kumbe tulikuwa wengi tulioitafuna nchi ile
ilipokuwa bado na ladha.

Nimelipa. Hakunipunguzia hata nauli.
Kwenye tramu nimekisimamisha katikati ya watu
na hakuna aliyethubutu kukikalia.

Jumapili utakuja, Mama.
Utasema kilikuwa kinakuumiza mgongo,
na itakuwa kweli.
Nimekiweka mbali na dirisha.